Karafuu ya Mia na Thelathini

Nilifundisha hisabati miaka thelathini na moja katika skuli za Wete, kisiwani Pemba, na nusu ya mji huu walijifunza kujumlisha na kutoa mbele ya bakora yangu. Nayataja haya mapema kwa sababu habari ninayotaka kuieleza ni ya hesabu iliyokwenda kombo kwa siku moja. Aliyeikosea ni jirani yangu, Bi Shamima. Aliyeiona ikikosewa akanyamaza ni mimi, Mwalimu Masika, mwanamke asiyeweza kupita dukani bila ya kumsahihisha mwenye duka.

Shamima ana miaka sitini na minane. Ni mrefu, mwembamba, na shingo yake bado imesimama. Anashona kofia za viua. Kofia moja humchukua miezi mitatu, na wanaume wa Wete wanaojua kofia huzitambua zake kwa vitobo vyake, vidogo na vilivyolingana. Ukimkuta uani na sindano mkononi, miwani imemshuka puani, hutodhani kuwa mwanamke huyu aliwahi kusimama mbele ya watu elfu mbili mjini Nairobi, gitaa la umeme likinguruma nyuma yake, akapiga ukelele mpaka taa zikazimika. Taa zilizimika kwa sababu ya jenereta. Lakini waliokuwapo wanashikilia kuwa ni ule ukelele, na mimi nimechoka kubishana nao.

Bendi ikiitwa Radi Tano. Ilizaliwa hapa Wete mwaka 1974, ndani ya ghala la karafuu la babake Noorali. Walikuwa vijana watano: Haitham na Suhail kwenye magitaa, Safari kwenye ngoma, Noorali mwenyewe kwenye kinanda, na Shamima, msichana peke yake, kwenye maikrofoni. Sisi wengine tulijua taarab, tulijua maulidi, tulijua ngoma za shamba. Wao wakapiga roki, waliyoinasa kwenye redio kubwa ya babake Noorali iliyokamata stesheni za Ulaya. Umeme wa Wete enzi hizo ukija na kuondoka utakavyo, na ukiondoka, Safari aliendelea na ngoma zake peke yake mpaka majirani wakalitupia mawe bati la ghala.

Mimi na Shamima tulikaa dawati moja. Yeye alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na alama za hisabati. Nilikuwa nikimuonea haya na nikimuonea wivu kwa wakati mmoja, na sijui kama kuna mtu aliyeweza kuvitenganisha viwili hivyo akiwa na miaka kumi na minane.

Mwaka 1976 wakavuka Tanga kwa boti, wakafika Mombasa, wakafika Nairobi, wakatoa sahani mbili za santuri. Wimbo uliowapa jina ni "Nisubiri Gatini", alioutunga Shamima mwenyewe. Mtu yumo melini, anamwambia aliyebaki gatini asiondoke, atarudi. Si wimbo wa maneno mengi. Mwishoni neno "nisubiri" hulivuta na kulivuta mpaka pumzi inaisha, na gitaa linalidaka pale lilipoangukia.

Mwaka 1980 mamake akapooza. Shamima akarudi na sanduku moja, akawaambia wenzake wampe miezi miwili. Mama aliishi miaka mitatu. Radi Tano wakaenda Ujerumani bila yeye, wakakaa Hamburg, wakawa wanne, jina wasilibadili. Mwimbaji mwingine hawakutafuta. Haitham akawa anaimba mwenyewe, vibaya. Shamima hakulalamika hata siku moja. Nilimngoja alalamike, nimtulize, lakini hakunipa nafasi hiyo.

Mwaka 1983 akaolewa na Hamad, mkulima wa Gando aliyehamia Wete, mtu wa dini na mwenye mikarafuu yake michache. Hamad hakupenda muziki. Siku ya kwanza alimwambia mkewe, "Yaliyopita sikuulizi, na mie usinambie." Basi hakuulizwa na hakusema. Zile sahani mbili zilikaa chini ya sanduku la nguo miaka arubaini na moja. Mungu hakuwajaalia mtoto. Lakini walipendana, na hilo nalisema mimi niliyekuwa nikisikia kila neno lao kupitia ukuta wa uani.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ni mwezi.

Anayeishi Pemba anaujua. Hamad na watu wake wa Gando walishika kwamba mwezi ukionekana popote duniani basi ushaandama. Shamima, kama mimi, alishika kwamba mpaka uonekane kwetu, na ukifichwa na mawingu tunatimiza siku thelathini. Kwa hivyo ndani ya nyumba moja, mume anakula Idi na mke yumo saumuni, anampikia pilau asiweze kuonja chumvi. "Mwezi wenu huja kwa ndege," Shamima akimwambia. "Wetu sisi maskini, huja kwa miguu." Na Hamad akijibu kuwa anayekuja kwa miguu hukuta pilau limekwisha.

Miaka ambayo miezi yao ilipatana, na haikuwa mingi, Hamad alichinja jogoo. Hakuna mgeni aliyealikwa. Ilikuwa furaha yake tu ya kula na mkewe mkeka mmoja siku moja. Firigisi ilikuwa yake, kama ilivyo haki ya mwanamme wa nyumba, lakini siku hiyo aliikata nusu kwa nusu akampa mkewe. Shamima alinihadithia hilo kwa kunong'ona, kama mtu anayetoa siri ya chumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Noorali akanipigia simu kutoka Hamburg. Vijana wa Kizungu walikuwa wamezifukua zile sahani mbili, wakazipenda, zikachapishwa upya. Sasa Radi Tano inatimiza miaka hamsini na wanafanya ziara ya dunia: Hamburg, London, Toronto, Tokyo, Muscat, na tamasha la mwisho Unguja, Ijumaa tarehe kumi na tatu Disemba.

"Wazee wanne wenye magoti mabovu," alisema. "Safari ana kifaa cha moyo kifuani. Baada ya hii hakuna nyengine, Masika, tunazima mitambo. Tunamtaka Shamima, wimbo mmoja tu. Mwambie tumemngoja miaka arubaini na nne."

Nilimfikishia. Akanyamaza siku nzima, kisha akamwambia mumewe. Hamad naye alinyamaza siku saba. Siku ya nane nilikuwa jikoni kwao nimefuata sukari, nikamsikia akisema kutoka barazani, kwa sauti yake ile ile ya kuulizia maji:

"Nenda kaimbe, Shamima. Mie ntakupeleka Mkoani hadi gatini, na ntakusubiri papo hapo mpaka urudi."

Shamima alikuwa kasimama na kijiko mkononi. Akakiweka chini polepole, akanitazama, machozi yakamtoka. Hamad alikuwa anaujua wimbo. Miaka yote hiyo ya kutouliza, alikuwa anaujua mpaka maneno yake.

Tangu siku hiyo Shamima akawa anafanya mazoezi chooni, maji yakimwagika ndooni ili asisikike. Mimi nilimsikia. Sauti ilikuwa imeshuka, imekwaruza, imekuwa na mchanga ndani yake, na ilikuwa nzuri kuliko ya zamani. Nami sikupendezwa. Ajuza wa miaka sitini na minane, jukwaani, na magitaa! Watu wangesema nini, na wangemwambia nani kama si mimi jirani yake? Nilijiambia kuwa ni heshima yake ninayoihofia. Leo najua kuwa ule wivu wa dawatini ulikuwa bado unapumua.

Hamad alifariki alfajiri ya tarehe sita Agosti. Alirudi msikitini, akasema kichwa kinamuuma, akaomba maji, na Shamima alipofika na maji hakukuta mtu wa kuyanywa. Ilikuwa mwezi mosi Mfungo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani. Mwezi huo haukuwa na ubishi, kila mtu aliuona. Tulimzika baada ya adhuhuri, na Shamima akavua vyake vya dhahabu, akavaa nguo nyeupe, akaingia eda.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi wa mbinguni na si ya kalenda ya ukutani. Nami, Mungu anisamehe, niliipiga hesabu hiyo pale pale mkekani, watu wakiwa bado wanasoma. Mfungo Tano, Sita, Saba, Nane, na siku kumi za Mfungo Tisa. Nikaona inaangukia ukingoni kabisa mwa tamasha. Mwezi wa mwisho ukiandama mapema, eda inaisha Alhamisi jua likizama, na Ijumaa asubuhi Shamima anaweza kupanda meli. Ukichelewa siku moja, Ijumaa jua litamzamia akiwa ndani, na wenzake watapanda jukwaani bila yeye.

Hatukulizungumza hilo, si mimi wala yeye. Mjane aliye edani akitaja jukwaa, hatobakishiwa nyama mwilini. Noorali alipopiga simu aliongea na mimi, kwa kuwa Shamima hakutaka kuzungumza na mwanamme mambo ya magitaa katika hali ile. "Mwambie bado nimo edani," ndilo lililokuwa jibu lake, na mimi nikalifikisha.

Kila siku baada ya magharibi alichukua karafuu moja kavu akaitia katika bilauri ya kioo iliyokaa dirishani. Nilimuuliza za nini.

"Nnahesabu siku za Hamad," alisema.

Nikaamini. Na ilikuwa kweli, ila ilikuwa nusu ya kweli. Aliniambia baadaye kuwa kila karafuu aliitia kwa nia mbili, moja ya mumewe na moja ya gati, na akamuomba Mungu msamaha kwa ile ya pili.

Zulekha, dadake Hamad, alikuja kutoka Gando kila Jumanne na muhogo na ndizi. Ni mwanamke mwema mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alikuwa akimpenda wifi yake, nami nilikuwa nikiwaandalia chai, tunakaa sote watatu.

Jumatatu tarehe mbili Disemba nilikuwa Gando, kwenye mikarafuu yangu mitatu niliyorithi. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha tangu Jumamosi. Wakati narudi njiani na pakacha kichwani, magharibi ikafunguka kidogo, mawingu yakaachana, nikauona mwezi. Mwembamba, umelala chali. Niliuona kwa macho yangu haya. Nikasoma dua, nikaendelea na safari. Wengine wengi waliuona, na baada ya isha msikitini kwetu wakatangaza kuwa umeandama. Kwa hivyo mwezi huo hapakuwa na wenu wala wetu. Popote na hapa vilikuwa kitu kimoja.

Lakini Wete mjini kulikuwa na wingu zito na manyunyu. Shamima alitoka uani kuangalia, akaona ukuta, mnazi wa jirani na kiza. Tangazo la msikitini lilizamishwa na mvua juu ya bati. Redio yake alikuwa ameifunga kitambaa tangu Oktoba, kwa sababu walikuwa wameanza kupiga nyimbo za Radi Tano na aliona si adabu zisikike nyumbani mwa eda. Basi akafanya kama alivyofunzwa: ukifichwa na mawingu, timiza thelathini.

Kesho yake, Jumanne, Zulekha akaja. Hata viatu hakuvua.

"Wifi, mwezi ushaandama jana! Mfungo Tisa hino."

Shamima hakuinua kichwa kutoka kwenye kofia yake. "Wenu huo," alisema. "Wetu uko njiani, unakuja kwa miguu."

Zulekha akaangua kicheko. Mimi pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti Shamima kufanya mzaha, tena ule mzaha wao wa miaka yote, wa yeye na Hamad. Tulifurahi mno kumsikia hata hatukuuangalia mzaha wenyewe una nini ndani. Zulekha akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nikamimina chai. Nilijua kuwa mwezi nimeuona mwenyewe, nilijua na yeye ni wa mwezi wangu, na nilidhani anatania.

Alhamisi tarehe kumi na mbili, asubuhi, nilikwenda kumuuliza.

"Shoga, kuoga lini? Tutayarishe maji na nguo."

"Jumamosi asubuhi," alisema. "Mwambie na Zulekha."

Nikasimama pale mlangoni nikipiga hesabu. Eda inaisha leo magharibi. Akitaka, anaoga leo hii, anavaa, kesho alfajiri yuko njiani kwenda bandarini Mkoani. Na yeye anasema Jumamosi. Nikajua kuwa hataki kwenda. Au niseme sawa: nikajitia kujua. Ningeweza kuuliza swali moja la maneno manne, "Kwa nini si leo?", swali ambalo ningemuuliza mtoto yeyote wa darasa la pili. Sikuuliza. Nilijiambia kuwa mjane ameamua kuilinda hadhi yake na ameitafutia njia ya kimya. Nikamsifu moyoni. Na nikaona vyema.

Alasiri Noorali akapiga simu. Walikuwa wameshafika Unguja.

"Masika, hebu nambie. Nimuwekee kiti melini kesho asubuhi?"

"Usiweke. Kaamua hendi."

"Kasema mwenyewe?"

"Kasema kwa njia yake."

Nyuma yake nilimsikia mtu akijaribu ngoma, dum, dum, na anaacha. "Safari atavunjika moyo," alisema. "Haya. Msalimie sana. Mwambie hatuna kinyongo."

Nilipokata simu nilihisi kuwa nimefanya jambo la heshima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ijumaa Shamima alishinda akishona kofia. Magharibi aliitia karafuu yake ya mwisho bilaurini, na baada ya isha, wakati wenzake wanapanda jukwaani ng'ambo ya maji, alikaa kitandani na simu mapajani asiifungue. Haya nayo alinieleza mwenyewe.

Jumamosi tulimuogesha, mimi na Zulekha. Tukamvisha nguo mpya, kanga za rangi, tukamfukiza udi. Zile nyeupe tukazikunja zitolewe sadaka. Zulekha akaenda jikoni kuangalia wali. Tukabaki wawili. Shamima akaishusha bilauri dirishani, akaimimina juu ya sinia mbele yangu.

"Hesabu weye, mwalimu."

Nikahesabu, kumi kumi, kama ninavyopenda. Mia na thelathini.

"Siku moja, shoga," alisema. "Siku moja tu imenizuia. Eda imekwisha jana magharibi, na meli ilikwenda asubuhi."

Nilizisawazisha zile kumi kumi juu ya sinia.

"N'kwambie kitu? Zulekha alipokuja na mwezi wao, nlijaribiwa. Nkasema, mwezi wa Hamad unanitoa Alhamisi. Mume kanipa ruhusa, na mwezi wake unanipa njia, kwa nini nisiufuate mara moja tu? Halafu nkaona haya. Miaka arubaini na moja nimebishana naye. Alipokuwa hai sikumpa haki yake hata siku moja. Leo kesha kufa ndo nimwambie ulikuwa sawa, kwa sababu n'na safari yangu? Mwezi si nguo, kuvaa na kuvua. Nkakaa na wangu."

Hapo ningeweza kunyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimeshakuzoea. Shamima angebaki na huzuni yake iliyo safi, ya mtu aliyeacha kitu kwa kushika haki. Lakini karafuu zilikuwa pale mbele yangu, kumi kumi, na moja ilikuwa imezidi, na ulimi wangu haujawahi kuiona hesabu mbovu ukaipita mara mbili.

"Moja imezidi," nilisema.

"Ipi?"

"Ya jana. Eda yako ilikwisha Alhamisi. Mwezi uliandama Jumatatu ile, Shamima, wetu. Niliuona mie, nikirudi Gando. Na msikitini walitangaza."

"Zulekha alisema wao."

"Alisema mwezi. Weye ndo ulosema wao."

Nilingoja anitukane, na ningefurahi kutukanwa. Aliweka kidole juu ya karafuu moja, akaitenga na wenzake, akaisogeza polepole mpaka ukingoni mwa sinia.

"Kwa hivyo tulipatana," alisema. "Mie na Hamad."

"Mlipatana."

"Na mie nlikuwa ndani, nnaungoja mwezi ulokwisha kuja." Akavuta kanga mpya akajifunika uso nayo, na kutoka ndani ya kanga nikamsikia akisema, "Angechinja jogoo."

Alilia kama ambavyo sikumsikia akilia siku ya maziko. Zulekha akaja mbio kutoka jikoni, akadhani ni kilio cha kutoka eda, akamkumbatia akalia naye. Mimi niliokota karafuu nikazirudisha bilaurini kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

Jioni alinitaka nimfungulie video aliyoituma Noorali. Wazee wanne jukwaani, vipara na mvi, na watu wengi vijana. Haitham aliimba "Nisubiri Gatini" kwa sauti yake mbovu, na alipofika mwisho, kwenye lile neno la kuvutwa, akaacha kuimba. Akarudi nyuma na gitaa lake, na mahala pa sauti pakabaki wazi, Safari akipiga taratibu, mpaka wimbo ukaisha. Shamima aliitazama mara moja. Midomo yake ilicheza mahala pale, haikutoka sauti.

"Zima," alisema.

Siku ya pili nilimkamata jogoo wangu mwekundu, nikamuomba muadhini anichinjie, nikampeleka kwa Shamima. Hakuuliza wa nini. Tulimnyonyoa pamoja, akampika yeye kwa nazi na ndimu, tukakaa mkekani wawili, sufuria katikati. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu tayari. Nilitaka kumwambia habari ya ile simu ya Alhamisi, kwamba Noorali aliuliza, na kwamba kiti melini nilikikataa mimi kwa mdomo wangu, wala si mwezi wala mawingu.

Aliipekua sufuria kwa upawa mpaka akaipata firigisi. Akaitoa, akaiweka kwenye sahani, akaikata nusu kwa nusu kwa kisu. Nusu moja aliiacha pembeni mwa sahani, haki ya Hamad. Nusu ya pili akaitia mbele yangu, juu ya wali.

"Kula, shoga," alisema. "Weye ndo ulouona mwezi."

Nikaila. Ile habari ya simu sijamwambia mpaka leo.